Kinguzo cha Tano

Bi Redio anasema aliona kwa macho yake mwenyewe, hakusimuliwa. Alikuwa anarudisha nguo za watu alizozifua, akakatisha ndani ya ngome ya zamani, saa sita, jua la utosi. Chini ya roshani ya mbao akamkuta Kasuku, yule kijana anayetembeza wageni, amepiga magoti mbele ya mwanamke mwenye miwani mikubwa na gauni la njano.

"Kamshika mkono, mwanangu! Kaubusu! Watu wakapiga makofi, na mimi na furushi langu kichwani nimesimama kama mlingoti."

Alimaliza kusema, akaomba maji ya kunywa. Jina la Bi Redio alipewa na mtaa: hata umeme ukikatika, yeye hazimiki.

Jirani yake, binti muuza kofia, alimpa maji. Hakujibu neno. Si bure Kasuku alimwita Kimya.

Walijuana mwaka uliopita pale langoni mwa ngome, katikati ya foleni ya wageni. Kasuku alikuja mbio, shati jeupe limemganda mgongoni.

"Dada, nipe kofia upesi, mgeni wangu kichwa kinaiva!"

"Kichwa cha kiasi gani?"

"Si kile pale kinachong'aa!"

Kimya alicheka mpaka akakosea kurudisha chenji. Tangu siku hiyo Kasuku hakupita lango bila neno la utani, na utani ukakomaa ukawa mapenzi. Lakini Kasuku alifanya kazi ndani, na wauzaji waliruhusiwa nje tu, kwa hiyo Kimya hakuwahi kusikia anawaambia nini wageni wake. Na sasa Jumapili ilikuwa karibu, siku ambayo Kasuku angekwenda kujitambulisha kwa mama mkwe mtarajiwa.

Jioni simu ililia.

"Roho yangu, umekula?"

"Mwenye gauni la njano umemwacha wapi?"

Kasuku akaangua kicheko. "Bi Redio huyo! Kipenzi, ile ni kazi. Nawapa hadithi ya nahodha na binti wa mtawala. Nachagua mgeni mmoja anakuwa binti, mimi nahodha, napiga magoti. Leo peke yake nimepiga mara nne, magoti yamechubuka."

Moyo wa Kimya ukashuka mahali pake. Akakaribia kucheka.

"Na hadithi yenyewe ikoje?"

"Tamu! Roshani ina miaka mia tatu. Ukitazama ukingo wake, kinguzo cha tano kimegeuzwa, kichwa kiko chini. Nawaambia binti alikigeuza mwenyewe, ishara kwa mpenzi wake kwamba baba hayupo, apande. Hapo wanawake wote wanafuta machozi."

Kimya aliishusha simu sikioni, akaitazama.

"Haloo? Kipenzi?"

"Roshani ya zamani ilioza ikaanguka. Hii aliichonga baba yangu. Nilikuwa darasa la saba, namshikia ngazi. Siku ya vinguzo alikuwa na homa, akakiweka kimoja kichwa chini miguu juu. Alipokuja kukiona, gundi ilikuwa imekauka. Mpaka anakufa alikuwa akipita pale anainamisha uso. Na wewe unakifanyia mchezo."

"Sikujua, wallahi."

"Hukuuliza. Jumapili mama atataka kujua kazi yako. Utamwambia unawaambia nini watu juu ya mikono ya mume wake?"

Akakata. Siku mbili Kasuku alipiga, hakupokelewa. Alipopita langoni, Kimya aliinama kupanga kofia ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Msichana huyu hakuwa mgomvi, ila alikuwa na kitu kimoja tu alichorithi kwa baba yake, nacho kilikuwa pale ukutani.

Siku ya tatu, Ijumaa, simu ilipolia akaipokea kwa uchovu wa kuikataa.

"Usiseme kitu," Kasuku alinong'ona. "Usikate tu."

Kisha mkwaruzo wa kitambaa. Simu imetumbukizwa mfukoni mwa shati. Sauti yake ikaja kwa mbali, akizungumza na walimu wastaafu waliotoka mji mwingine.

"Wazee wangu, nilikuwa na hadithi ya nahodha hapa. Ilikuwa ya uongo. Roshani hii kaichonga seremala wa mji huu, juzijuzi tu. Kinguzo cha tano alikigeuza kwa sababu ya homa. Hakulala kitandani, alikuja kazini."

Mzee mmoja akasema, "Mimi nimefundisha miaka thelathini na homa zangu. Huyo namwelewa." Wenzake wakacheka kwa huruma. Mwalimu wa kike akauliza, "Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Sijui, mama. Mwenye kujua yuko langoni, anauza kofia. Kanikasirikia, na ana haki."

Kimya alimwomba mwenzake muuza maji baridi amtazamie meza. Mlinzi wa lango alitaka kumzuia, akamwona uso, akamwacha. Akapita na kanga yake begani na kofia kubwa ya ukindu kichwani, akakata kona, akasimama nyuma ya walimu. Tangu msiba wa baba yake hakuwahi kuingia humo.

Kasuku alimwona. Hakupiga magoti. Alisimama, jasho likimtiririka, simu bado iko hewani mfukoni.

"Naomba unifundishe ya kweli," alisema. "Na Jumapili naomba nije kwa mama. Nije, au nisije?"

Walimu wote wakageuka. Yule mwalimu wa kike akafungua mwavuli wake, akamsogezea Kimya kivuli.

"Mjibu mwenzio, mwanangu. Jua linatumaliza."

Kimya alikuwa amevua kofia, ameinua uso kukitazama kinguzo cha tano. "Njoo," alisema, "mama atakusimulia ya kweli."