Doti Moja ya Akiba

Foleni ya malori ilikuwa imefika hadi mlangoni pa duka la Sekela, pale Tunduma, na utingo mmoja alikuwa akitukana kwa Kibemba, wakati kijana mrefu mwenye shati jeupe lililonyooshwa alipoingia na kushika kitenge cha kijani chenye ndege wa njano.

"Dada, hiki kinatosha watu wengi?"

"Inategemea ni watu gani, kaka."

"Askari."

Sekela akaacha kutabasamu. Anayevusha mali kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, hata akiwa na risiti zote, akisikia neno hilo moyo humpiga paa.

Kijana aliitwa Mabula, koplo. Yeye na askari wenzake waliotoka Kanda ya Ziwa walikuwa na umoja wao. Siku za mapumziko waliteremka Momba kwa wafugaji Wasukuma, kuwasuluhisha na wakulima na kuwahimiza wapeleke mabinti shule.

"Wakiona magwanda wanaingia porini na ng'ombe wao," alisema. "Tukija na kitenge na Kisukuma chetu, wanatuletea maziwa. Hii itakuwa sare ya wanachama na wenzi wao tu. Niongezee doti moja ya akiba."

"Akiba ya nani?"

"Ya akiba tu, dada."

Jibu hilo Sekela hakulipenda. Alipenda tabasamu la Mabula, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Baada ya wiki chache 'dada' ilikuwa imegeuka 'mpenzi', na simu hazikauki.

"Umekula, mamii?"

"Nimekula. Uko wapi?"

"Momba."

"Na nani?"

"Na ng'ombe."

"Ng'ombe gani huyo anacheka kama mwanamke?"

Mabula naye akacheka, akakata simu. Sekela alimpenda mpaka akajichukia. Dada yake aliwahi kuolewa na mwenye mke bila kujua, na yeye aliapa hatarudia kosa lile. Askari anayefanya wema bure, alijiambia, lazima ana lake jambo.

Jumamosi moja alipeleka mzigo Mlowo. Stendi, katikati ya magunia ya mahindi, akamwona Mabula amepakata mtoto mchanga. Kando yake mwanamke mweupe, mnene, alikuwa akimfuta mtoto mdomo, gauni lake la kijani lina ndege wa njano. Sare ya wanachama na wenzi wao. Akiba imepata mwenyewe. Sekela hakuuliza kitu, aulize nini tena? Akapanda gari, akamfungia simu, akalia mpaka Tunduma huku abiria wa pembeni akimpa pole ya msiba.

Jumatatu waliingia dukani wawili. Mabula alikuwa nyuma, amenywea kama kifaranga kilichonyeshewa. Mbele alikuwa yule mwanamke, ndani ya magwanda, V tatu za cheo kwenye mkono wa gwanda.

"Risiti ninazo zote," Sekela akawahi.

"Sikufuata risiti. Mimi ni Sajenti Nyanzobe. Koplo wangu tangu juzi anaandika taarifa hazisomeki. Umemfanyaje?"

"Si umuulize mwenyewe, mumeo huyo."

Nyanzobe akamgeukia Mabula, akamtazama toka juu hadi chini.

"Huyu? Mume wangu anafundisha Vwawa. Huyu nikimwamuru abebe mtoto, anabeba."

"Lakini kile kitenge..."

"Mdogo wangu, umoja ni wa askari. Nani alikwambia askari ni wanaume tu? Mwenyekiti ni mimi."

Sekela alitamani kujifunika jora zima. Nyanzobe akatoka nje kusubiri, na Mabula akafungua mfuko. Ndani ilikuwamo doti moja ya kijani, haijaguswa na mkasi.

"Akiba," alisema. "Niliichukua siku ile ile nilipokuona, nikaogopa kusema. Ni ya mke wangu. Nataka uwe wewe."

Sekela akaikunjua, akaipima kwa mkono toka pindo hadi pindo, kama anayerudishiwa mali na mteja tapeli. Haikupungua. Akaitupia begani.

"Kwetu ni Hasamba," alisema. "Njoo na wazee wako."

"Nitakuja, mpenzi."

"Ila vaa kitenge. Ukija na magwanda, baba ataingia kwenye mibuni na hatutampata."