Esha Hakutaka Ngoma

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Esha alikaa ukumbini na mama yake, Bi Hafsa, wakisuka makuti. Mvua kubwa za mwaka uliotangulia zilikuwa zimeozesha mapaa mengi pale Msambweni, kwa hiyo kazi haikukosekana. Esha aliipenda. Makuti hayakumpigia kelele wala kumtaka ayatazame machoni. Akimaliza alichukua mkoba wake na kuondoka kimya, na Bi Hafsa alibaki akisonya.

"Hata 'mama, nakwenda' hasemi! Nimemkosea nini mtoto huyu?"

Watu walikuwa na lawama moja kubwa juu ya Esha: hakubusu mikono. Kwao, mtoto akikutana na mkubwa husema shikamoo, akaupokea mkono wake na kuubusu. Esha alisema shikamoo, tena vizuri, lakini kwa mbali, akiangalia chini. Akiguswa na mtu aliona kama amemwagiwa maji ya moto. Hilo halikujulikana kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Kusema hana adabu kulikuwa rahisi zaidi, na watu, jamani, wanapenda rahisi.

Siku ya Idi nyumba ilijaa wageni. Bibi mmoja jirani alichoshwa na salamu za mbali, akamvuta Esha na kumbandika mkono mdomoni. Esha alipiga ukelele uliosikika mpaka barabarani, akakimbilia chooni na kujifungia, mikono masikioni, hadi wageni walipoondoka. Baba yake, Mzee Salimu, aliona aibu hata pilau ikamshinda. Jioni ile ile ikaamuliwa kwamba Esha ana pepo, na mganga akaitwa.

Esha aliketishwa katikati ya uwanja, akafunikwa shuka na kufukizwa ubani. Kisha ngoma zikapigwa karibu kabisa na masikio yake. Mtoto ambaye hata kengele ya shule ilimtoa machozi!

Alilia. "Mnasikia?" mganga akasema. "Pepo anapanda! Pigeni!"

Aliziba masikio, wanawake wakamwondoa mikono. Akasema, "Basi, basi, naumia!" Mganga akawaambia watu kwamba hayo ni maneno ya pepo, si ya mtoto. Kadiri alivyoomba ndivyo ngoma zilivyozidi. Kila alichosema siku ile kilihesabiwa kuwa cha mtu mwingine.

Tangu hapo Esha hakusema tena. Hakusuka, hakwenda shuleni, chakula alikigusa tu. Alilala akiukabili ukuta. Bi Hafsa alimlilia mwanawe kama mtu aliyefiwa, na kwa kweli hakujua la kufanya. Mganga alisema pepo amejificha ndani zaidi, inatakiwa ngoma kubwa kuliko ile, tena shangazi wa mtoto awepo.

Basi shangazi Mwanasiti, dada yake Mzee Salimu, akaja kutoka Mkwiro. Ukoo mzima ulimjua kuwa mtu wa maringo. Harusini haonekani, na akija msibani hukaa peke yake. Alipofika, ngoma zilikuwa zikioteshwa moto ili ngozi zikaze. Alizitazama, akaingia chumbani kwa Esha na kukaa chini karibu na mlango, mbali na kitanda. Hakumpa mkono. Alikaa tu, kwa muda mrefu.

"Esha," alisema mwishowe, "unaitaka ngoma hii?"

Esha hakugeuka. Shangazi akangoja.

"Sitaki," ilitoka sauti ndogo iliyokauka. "Inaniumiza masikio. Aliyelia si pepo. Ni mimi."

"Basi usiniambie mimi peke yangu. Twende ukawaambie. Mimi nitasimama nawe."

Uwanjani Esha alitazama mchanga, akayasema tena mbele ya baba yake: "Ngoma inaniumiza. Kuguswa kunaniumiza. Si pepo, baba. Ni mimi."

"Pepo anajitetea huyo," alisema mganga.

"Na mimi je?" Shangazi Mwanasiti aliuliza. "Nami nilichezewa ngoma, nikiwa na umri kama wake, kwa sababu hiyo hiyo. Nililia, wakasema pepo. Wakarudia, nikalia. Mara ya mwisho nilinyamaza, wakasema nimepona. Sikupona, Salimu. Nilichoka. Nimebusu mikono ya watu maisha yangu yote, na kila mara huenda nyuma ya nyumba nikalia. Sasa mnataka na huyu achoke?"

Mzee Salimu alisimama, akawaambia wapigaji waziondoe ngoma zao motoni waende nyumbani. Bi Hafsa alinyoosha mikono amkumbatie mwanawe, kisha akairudisha, akaketi mchangani akilia.

Siku hizi madaktari wanaiita hali ya Esha usonji. Mtu huzaliwa nayo, nayo si pepo wala utovu wa adabu. Lakini siku ile hapakuwa na mtu aliyelijua neno hilo.

"Sikilizeni," shangazi aliwaambia watoto waliokuja kutazama ngoma, na wakubwa nao wakasikia. "Mtu akikuambia anaumia, mwamini kwanza. Usimwambie wewe jinsi anavyojisikia. Mwulize yeye, kisha ngoja jibu, hata likichelewa. Na wewe Esha, usiache kusema."

Watu walipokwisha kutawanyika, Mzee Salimu alimsogelea dada yake, macho mekundu.

"Dada, miaka yote hiyo, kwa nini hukutuambia?"

"Niliwaambia," alijibu Mwanasiti. "Nililia niwaambie. Wewe ulikuwa mdogo, ndugu yangu, umesimama na wenzako mkipiga makofi."