Kibandiko cha Jicho la Ruphin

Kila siku ya shule, saa nane na nusu mchana, Joséline alimpitia mdogo wake Ruphin kwenye shule ya chekechea, wakasubiri robot, yaani taa za barabarani, iwashe taa ya kijani, kisha wakavuka barabara hadi kwenye jengo lao pale Hillbrow, Johannesburg. Lifti ilikuwa mbovu tangu Pasaka. Walipanda ngazi hadi ghorofa ya nne polepole, kwa sababu Ruphin alipapasa kila ngazi kwa ncha ya kiatu kabla ya kuikanyaga.

Ruphin alikuwa na miaka mitano, na alikuwa na usonji. Alisema maneno machache, alipenda sana vitu vinavyozunguka, na hakupenda kuguswa usoni. Mwanzoni mwa mwaka kliniki iligundua kwamba jicho lake la kushoto lilikuwa dhaifu. Bi Refilwe, mtaalamu wa mazoezi ya macho, alieleza kwamba ubongo wa Ruphin ulizoea kutegemea jicho la kulia peke yake. Likiachwa hivyo, la kushoto lingezidi kufifia. Alimpa miwani pamoja na boksi la vibandiko vya gundi na kadi ya kuwekea alama za kila siku. Kwa saa mbili kila siku jicho la kulia lifunikwe, na mtoto achezeshwe michezo midogo, kama kutunga shanga na kuufuata mpira unaobiringika.

Baba yao, Didier, alikuwa fundi cherehani mwenye duka dogo. Mama yao, Emérite, alisuka nywele saluni. Wote walirudi jioni, kwa hiyo kazi ikamwangukia Joséline, aliyekuwa na miaka kumi na miwili.

"Ukimaliza, weka alama ya vema kwenye kadi hii," mama alimwambia. "Nakutegemea, mwanangu."

Siku ya kwanza Ruphin alikibandua kibandiko huku akipiga kelele, na nywele mbili za kope zikatoka nacho. Siku ya tatu aliingia chini ya meza akajiuma mkono. Joséline alikitoa kibandiko, akaketi sakafuni karibu naye bila kumgusa, mpaka kilio kikaisha. Hakuweza kuvumilia kumwona hivyo. Kisha akaichukua kadi, akaweka alama ya vema.

"Kesho tutafanya kweli," alijiambia.

Kesho ikawa kama jana. Wiki ya pili hakujaribu tena. Alichukua kibandiko kimoja kila siku na kukitupa kwenye pipa la taka, ili boksi lionekane linapungua. Jioni mama aliitazama kadi, akampapasa kichwa. "Mungu akubariki," alisema, na Joséline akageuza uso.

Baada ya miezi miwili walirudi kliniki. Mama hakujua Kiingereza cha kutosha, kwa hiyo Joséline ndiye aliyetafsiri, kama walivyozoea kufanya kila mahali. Bi Refilwe alimpima Ruphin kwa picha ndogo na kubwa. Alipomaliza, aliitazama kadi kwa muda mrefu.

"Amevaa kibandiko kila siku?" aliuliza kwa Kiingereza.

Joséline alimtafsiria mama.

"Mwambie ndiyo," mama alisema kwa fahari. "Mwambie hukukosa hata siku moja."

"Ndiyo," Joséline alijibu kwa Kiingereza, macho yakiwa sakafuni.

Bi Refilwe akavuta pumzi. "Basi mweleze mama hivi. Jicho halijabadilika hata kidogo. Kama miezi miwili ya mazoezi haikumsaidia, njia hii haimfai. Tutaiacha, na nitamwandikia daktari kwamba imeshindikana."

"Anasemaje?" mama aliuliza.

Ni Joséline peke yake mle ndani aliyeelewa lugha zote mbili. Angeweza kusema lolote, na hakuna ambaye angejua. Alimtazama Ruphin, aliyekuwa akizungusha gurudumu la kigari karibu kabisa na jicho lake la kulia. Wangeacha kumtibu kwa njia ambayo hawakuwahi kuijaribu.

"Mama, nimesema uongo," alisema. Kisha akamgeukia Bi Refilwe, akasema hivyo hivyo kwa Kiingereza. Alieleza yote, mara kwa lugha hii, mara kwa ile, machozi yakimdondoka.

Mama aliiweka mikono mapajani. "Na vibandiko vyote vile?"

"Nilivitupa, mama."

"Nilikuwa nakushukuru kila jioni," mama alisema kwa sauti ya chini. Maneno hayo yalimchoma Joséline kuliko ambavyo kiboko kingemchoma.

Bi Refilwe hakumgombeza. Aliiweka kadi ile kando. "Sasa niambie ukweli. Ukimbandika, kitu gani humsumbua?"

Joséline alijifuta uso, akafikiri. "Siyo giza. Ni ile gundi. Anaanza kusugua ngozi hata kabla sijamaliza kubandika. Dukani kwa baba hujifunika kitambaa usoni mwenyewe, na hucheka. Miwani pia haimsumbui."

Bi Refilwe aliandika haraka. "Hili ndilo nililohitaji kulijua wiki ya kwanza," alisema. Akaeleza kwamba kitambaa laini kingeweza kuvishwa kwenye kioo cha miwani bila gundi, na kwamba waanze na dakika tano tu.

Mama aliposikia tafsiri, alimvuta Joséline karibu. "Mwambie na mimi nina kosa. Nilikupa kazi nzito, nikawa naitazama kadi tu. Sikukuuliza inakwendaje."

Jioni hiyo baba alishona kifuniko cha pamba cha rangi ya samawati. Ruphin alikishika, akakinusa, akaruhusu kivishwe. Baba akamwachia azungushe gurudumu la cherehani, na dakika tano zikapita bila kilio.

Si siku zote zilizokuwa njema. Kuna siku Ruphin aliitupa miwani, na Joséline akaandika kwenye kadi mpya: "Leo amekataa." Jumatatu mama sasa aliomba ruhusa saluni, na yeye mwenyewe akafanya mazoezi na Ruphin. Ijumaa baba alimchukua dukani. Dakika tano zikawa kumi, kumi zikawa saa nzima.

Miezi mitatu baadaye Bi Refilwe alimpima tena, akatabasamu. Jicho la kushoto lilizitambua picha ambazo mwanzoni halikuziona kabisa. Ruphin bado alisema maneno machache, na bado hakutaka kuguswa usoni. Hakuna aliyemtaka awe mtu mwingine. Lakini alinyoosha mkono mezani, akaokota ushanga mdogo mara moja, bila kupapasa.

Mama aliichukua kadi na kuhesabu siku zilizoandikwa "amekataa". Zilikuwa kumi na nne.

"Ile kadi ya kwanza haikuwa na doa, na ilitudanganya sote," alimwambia Joséline. "Hii imejaa siku za kushindwa, nayo ndiyo iliyomsaidia mdogo wako. Najua ulidanganya kwa sababu ulimhurumia. Lakini uongo wa huruma nao huumiza, na aliyekaribia kuumia ni yule yule uliyempenda. Siku nyingine kazi ikikushinda, njoo useme imekushinda. Hatutakucheka. Tutakaa pamoja, tutafute njia."