Aliyemwita Kishimo

Katika kipindi cha jiografia, mwalimu akiwa ameelekea ubaoni akichora mto na vijito vyake, Kishimo aligeuza shingo kutazama nyuma, kama mtu aliyeitwa.

Mkalimani wake, aliyesimama mbele akimfasiria somo kwa lugha ya alama, alisitisha mikono. Kishimo alizaliwa kiziwi. Mlango ungebamizwa nyuma yake asingepepesa jicho. Na huko alikotazama palikuwa na ukuta tu na ramani iliyopauka.

"Vipi?" mkalimani akauliza kwa ishara.

"Hamna kitu," msichana akajibu, lakini kile kishimo cha shavuni kilichompa jina kilikuwa kimebonyea. Alikuwa anatabasamu.

Shule ile ya serikali ilikuwa kubwa kama mtaa: ghorofa nne, wanafunzi zaidi ya elfu tatu, ngazi zinazopandwa kwa kusukumana. Katika umati wote huo Kishimo alikuwa na mtu mmoja tu wa kuzungumza naye, na mtu huyo aliajiriwa kufanya hivyo. Mkalimani naye hakuwa na zaidi. Walimu hawakumhesabu mwenzao, wanafunzi hawakujua wamwite nani. Mchana alikula peke yake pembeni ya chumba cha walimu, akijifanya anasoma matangazo ukutani, na jioni alirudi kwenye chumba ambacho hakuna aliyemuuliza siku imekwendaje.

Muda si mrefu baadaye alishikwa na homa, akalala nyumbani. Aliporudi alikuta Kishimo amejibu maswali yote ya historia, hata yale ambayo mwalimu aliyasema kwa mdomo bila kuyaandika popote.

"Nani alikufasiria?"

"Rafiki."

"Rafiki gani anayejua ishara hapa?"

"Hatumii ishara," Kishimo akasema, akakusanya vitabu vyake.

Mpango wa shule ulimruhusu kuwa na mkalimani kwenye masomo tu. Ikifika saa ya vilabu, mkalimani alipelekwa ofisini kupanga mafaili, na Kishimo akaachwa kwenye klabu ya uchoraji, ambako hakuna aliyemgusa hata bega. Alasiri ile mkalimani alimwona Kishimo akipanda ngazi, akayatupa mafaili mezani na kumfuata. Chini kwaya ilikuwa mazoezini, ghorofa ya pili mdahalo umepamba moto. Kadiri alivyopanda ndivyo sauti zilivyofifia, hadi ghorofa ya nne akabaki na mlio wa viatu vyake mwenyewe na harufu ya vumbi lililonyeshewa, ingawa mvua ilikuwa imekata siku nyingi.

Mwisho wa korido palikuwa na chumba cha zamani cha kujifunzia lugha za kigeni, kila meza na kibanda chake cha mbao na hedifoni zilizokufa zamani. Kishimo alikuwa amekaa kibanda cha pembeni, hedifoni masikioni, anacheka. Waya ulining'inia hewani, haukuchomekwa popote.

Mkalimani akamgusa bega. Msichana hakushtuka.

"Ameniambia unakuja," alisema kwa mikono.

"Nani?"

"Amesema pia huwa unalia kwenye choo cha walimu, unafungulia bomba ili wasikusikie. Anasema usione aibu."

Jambo lile hakuna kiumbe aliyelijua. Mkalimani akazichukua zile hedifoni, akazivaa. Hakusikia neno. Alichosikia ni ule ukimya wa mtu aliyekatiza maneno kwa sababu umeingia.

"Twende chini," akasema kwa mikono. "Hiki si kitu cha kuchezea."

"Unadhani nilitaka kusikia?" Kishimo akamjibu. "Sikuwahi kutaka. Nilitaka mtu wa kupiga naye soga. Wewe unanipa maneno ya watu wengine. Yeye ananipa ya kwake."

Mkalimani akamshika mkono, wakashuka.

Baada ya hapo Kishimo alianza kupukutika. Macho yaliingia ndani, chakula kikamshinda, na darasani hakuitazama tena mikono iliyomfasiria. Asubuhi moja mama yake, muuguzi, alimsubiri mkalimani getini akiwa bado na sare ya zamu, akamvuta pembeni.

"Binti yangu ameongea," alinong'ona. "Usingizini. Kwa mdomo."

"Mama, pengine alikuwa..."

"Nisikilize kwanza, mdogo wangu. Sauti ile nimeingoja tangu nimzae. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikalia kwa furaha. Halafu nikasikia anachosema." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Alikuwa anasema, nakuja. Nisubiri, nakuja."

Siku hiyohiyo, saa ya vilabu, mkalimani alimkuta Kishimo amesimama juu ya meza katika kile chumba, dirisha wazi, mguu mmoja umeshakanyaga kizingiti. Alimkumbatia kiunoni, wakaanguka wote sakafuni.

Mkuu wa shule alisikiliza habari yote bila kuinua macho. "Mimi sijui lolote," akasema. "Jumamosi nitamwambia mlinzi kuna watu wanakuja kupima madirisha. Pimeni vizuri."

Aliyekuja kupima alikuwa tabibu wa majini, shangazi yake mama Kishimo, mwanamke mnene aliyepumzika kila ngazi akiyalaumu magoti yake. Lakini alipofika mlangoni aliacha kulalamika. Aliwasha ubani, akamkalisha Kishimo kwenye kibanda chake, hedifoni masikioni, mama yake na mkalimani wakiwa kando, akauliza kwa upole, "Wewe uliye na mtoto huyu, unataka nini?"

Mikono ya Kishimo ikainuka.

"Anarudia anachoambiwa," mkalimani akanong'ona.

"Basi tutolee kwa sauti, mwanangu."

Akatoa, kwa namna ya kazi yake, ambapo mkalimani hasemi "amesema hivi", husema kana kwamba maneno ni yake. Na maneno yakaja polepole kwanza, kisha kwa kasi, mimi nilikuwepo hapa kabla ya msingi kuchimbwa, mimi nilijengewa juu, sauti za watu zikanipitia miaka na miaka na hakuna hata moja iliyokuwa yangu, nikaita kwenye ngazi, nikaita madarasani, wakapita wakicheka kwa sababu masikio yao yamejaa, mpaka akaja huyu ambaye masikio yake hayana mtu, akanigeukia, ndiyo, alinigeukia, nami sikuwa nimegeukiwa tangu nilipojijua. Na mkalimani akasikia koo lake likilia kilio ambacho mikono ya msichana haikukitoa, na harufu ya vumbi lililonyeshewa ikajaa chumbani hadi mama akaziba pua.

"Nimekusikia," tabibu akasema. "Lakini huyu ana mama. Mwache." Akamgeukia Kishimo. "Mwambie mwenyewe. Mimi hatanitii."

Mkalimani akamfasiria. Machozi yakamchuruzika Kishimo. Kisha akazivua hedifoni, akazilaza mezani kama mtu anavyolaza kichanga, na mikono yake ikasema, "Kwaheri. Usiniite tena."

Harufu ikakatika. Mama akamvuta binti yake kifuani.

Tabibu alikuwa akizima ubani alipouliza, "Ulikuwa ukisema 'mimi', au 'yeye'?"

"Mimi. Ndivyo tunavyofundishwa."

Mwanamke yule alimtazama kitambo, kisha akaendelea kukusanya vyombo vyake.

Kishimo akapona. Akarudi kula, akanenepa, na wasichana wawili wa darasa lake wakajifunza ishara za kutosha kumtania. Saa ya vilabu walimpitia, wakaondoka naye. Mkalimani akabaki na mafaili.

Ikawa siku moja katika kipindi cha kemia, mkalimani akifasiri kama kawaida, akaona uso wa Kishimo unabadilika.

"Acha," msichana akamwambia. "Mwalimu ametoka kitambo."

Mkalimani akageuka. Ubaoni hapakuwa na mtu, mlango ulikuwa wazi, na darasa zima lilikuwa limeinamia zoezi, kimya. Akataka kuuliza ni nini alichokuwa akisema, lakini mikono haikumsikiliza. Ilikuwa bado inakwenda mbele ya kifua chake, kwa utulivu.

Kishimo alisukuma kiti, akaja mbele, akaikamata ile mikono miwili na kuibana kwa nguvu zake zote, kama mtu anayeziba mdomo. Ndani ya viganja vyake vidole viliendelea kufurukuta, vikitafuta nafasi ya kumaliza sentensi.