Utepe wa Kijani

Jirani zangu, sogeeni niwaambie yaliyomkuta Wanjala, na msinikatize, maana hasira zangu naye hazijaisha.

Duka lake la uchapaji hapa Wandegeya mnalijua. Alilifungua na mkewe Lamwaka, binti wa askari kutoka kaskazini, nao waliishi kwa amani. Lamwaka ndiye aliyetengeneza kwenye kompyuta maktaba ya mitindo, yaani rangi na herufi zilizowekwa mahali pamoja ili kila mchoraji wa duka azichote humo. Kwenye lebo, mtindo wa Hatari ulikuwa utepe mwekundu, na wa Kinywaji utepe wa kijani. Tena walikuwa na desturi yao: lebo ya kwanza hubandikwa mlangoni, na mtu ambaye hakuichora huisoma kwa sauti kabla nyingine hazijachapwa.

Kisha akaja wakala wa akili mnemba, programu ya kompyuta inayokufanyia kazi. Unamwandikia unachotaka, naye anaingia kwenye maktaba na kuivika michoro mitindo yeye mwenyewe. Kazi ya kutwa ikawa ya muda wa kumaliza kikombe cha chai. Wanjala akaanza kutembea kifua mbele, na ile desturi ya mlangoni akaiita ushamba.

Mteja wao mkubwa, Nakhisa wa Kansanga, hutengeneza juisi ya pasheni na dawa ya kusafishia choo, zote za manjano, zote kwenye chupa za aina moja. Siku moja aliagiza lebo mpya. Wanjala, roho yake ikiwa kwenye mpira uliokuwa karibu kuanza, akamwandikia wakala: "Weka mtindo wa Kinywaji kwenye lebo zote za Nakhisa."

Wakala akajibu: "Baadhi ya lebo hizi zina mtindo wa Hatari. Nizibadilishe pia?"

Mnasikia? Mashine iliuliza! Wanjala akabonyeza Ndiyo bila kusoma, akatupia jicho lebo moja ya juisi, akachapa zote.

"Imesomwa?" Lamwaka akauliza aliporudi kutoka sokoni.

"Mashine imesoma."

"Mimi nauliza mtu, siulizi mashine."

"Aa, Lamwaka, mzigo si umeshaenda? Wacha maneno."

Wafanyakazi wa Nakhisa wakabandika walivyopewa. Maneno yalikuwa sahihi. Rangi ndiyo iliyodanganya. Kesho yake Nakhisa akampa Wanjala zawadi, chupa moja ya juisi na moja ya dawa, naye akaziacha mezani nyumbani, akaenda kazini.

Nyumbani alikuwapo mamake Lamwaka, jina lake Joska, aliyekuja kutibiwa kifua. Mafua yalikuwa yamemziba pua. Mama huyo hakusoma, lakini bintiye alikuwa amemfundisha rangi za chupa.

Alasiri, Lamwaka akifagia duka, aliokota lebo iliyoharibika. Dawa ya choo, na utepe wa kijani. Akautupa ufagio.

"Wanjala! Zile chupa za Nakhisa umeweka wapi?"

"Mezani."

"Banange, jamani! Mama yuko peke yake!"

Simu ikaita, ikaita, hakuna aliyepokea. Wakapanda boda wote wawili, Lamwaka akimpiga dereva mgongoni aongeze mwendo. Walipofungua mlango, mama alikuwa sakafuni, ameshika koo, na kikombe pembeni. Kwao Wanjala, mkwe hamgusi mama mkwe. Hata mkono hakuwahi kumpa. Siku hiyo alimbeba kifuani kama mtoto mpaka barabarani, huku akilia waziwazi.

Hakufa. Nawaambia sasa msije mkazimia. Nakhisa naye alizikamata chupa zote kabla hazijafika madukani, kisha akahamishia kazi yake duka jingine. Lakini koo la mama liliungua, na sauti iliyokuwa ikiongoza nyimbo kanisani ikabaki mnong'ono.

Hospitalini, Wanjala alipiga magoti kando ya kitanda. Mama akamtazama sana.

"Mimi hapana jua kusoma," akanong'ona. "Nyinyi nasema nyekundu ni mbaya, kijani nakunywa. Mimi nafuata nyinyi."

Wewe ungejibu nini?

FUNZO

Ndugu zangu, haraka haraka haina baraka, na mashine haikuondoa methali hiyo. Mtumie wakala, sikukatazi, lakini akikuuliza, soma swali kabla ya kusema ndiyo. Amri moja kwa wakala hugusa kila lebo, hata usiyoikusudia, na rangi ndiyo barua ya asiyejua kusoma. Siku hizi lebo ya kwanza imerudi mlangoni kwa Wanjala. Ukipita hapo atakuomba uisome kwa sauti. Simama umsomee, kwa sababu mama Joska hawezi tena kuinua sauti kumwonya mtu.