Moto wa Buluu Jikoni kwa Nusret

Jumatatu ya kwanza ya Januari, Nusret alikuwa na sabuni kichwani pale maji ya moto yalipogeuka baridi kama barafu. Akatoka bafuni na taulo kiunoni, akitetemeka na kulaani, akaenda jikoni kuitazama boila ya gesi ukutani, iliyopasha maji na vyumba vyote. Kimya. Kisha tik, tik, tik, moto ukawaka wenyewe nyuma ya kidirisha chake cha kioo, wa buluu, umetulia, kana kwamba hakuna lililotokea. Ila jikoni palinuka nywele zilizoungua.

Angekuwa peke yake angevumilia. Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini kwenye karakana ya vyuma hapo Sarajevo, makelele yakamharibia masikio, na baridi aliizoea. Lakini mkewe Hajrija alikuwa ametoka hospitali juzi tu, anaumwa mapafu, na daktari alisema chumba kisipoe hata kidogo.

Akamwita fundi Ferid. Ferid akafunga gesi, akasafisha, akarudisha kifuniko, na boila ikawaka vizuri kabisa. Akakaa saa nzima akiiangalia, akanywa kahawa mbili, akaenda zake. Hajafika mwisho wa mteremko, boila ikazimika. Mara ya pili alibadilisha kifaa cha kutoa cheche. Mara ya tatu alibadilisha bodi ya umeme. Kila akiwa hapo, moto haukuyumba.

“Ami, mashine hii inanipenda,” alisema. “Nikiingia tu inatulia.”

“Basi hamia hapa,” Nusret akamjibu, wala hakucheka.

Ferid akamwambia aandike kwenye kalenda ya jikoni kila saa inapozimika, labda wangeona mpangilio. Nusret akaandika. Mara tano kwa siku, dakika chache, halafu inawaka tena. Akashuku upepo kwenye bomba la moshi. Akashuku umeme wa mtaa. Akamshuku na Ferid mwenyewe. Alilala chini ya boila na tochi mdomoni, akaigonga kwa mpini wa bisibisi, akaisema kama mtu anayesema na punda mkaidi.

Hajrija, kwa upande wake, hakulalamika. Alikuwa amehamishia kiti chake jikoni, akakaa mchana kutwa akikitazama kile kidirisha. Kukohoa aliacha, na kuswali pia aliacha, akisema ataanza tena akipata nguvu. Cha ajabu ni kwamba boila ikizimika ndipo alipoomba supu, na Nusret, mikono imejaa masizi, aliacha spana akampashia kwenye jiko la umeme. Lakini supu ikifika mezani moto ulikuwa umewaka tena, na Hajrija alilisukuma bakuli bila hata kulitazama. Nusret akaudhika na supu kama alivyoudhika na boila. Mikono ya mkewe ilivyokonda hakuiona.

Ijumaa ya wiki ya tatu Ferid alikuja kuing'oa. Ilikuwa inakaribia saa sita mchana, moto unawaka. Akapeleka mkono kwenye koki ya gesi, na mkono ukabaki hapohapo. Akatoka nje kuangalia mita. Aliporudi sauti yake ilikuwa imeshuka.

“Ami, umeigusa koki hii?”

“Sijaigusa.”

“Imefungwa. Niliifunga mimi siku ile ya kwanza nikisafisha. Nikaona moto umewaka, nikasahau. Ami, sikuwahi kuifungua.”

Nusret akamwambia mita itasema. Ferid akamwonyesha picha ya mita aliyoipiga kwa simu siku ile. Tarakimu za mita zilikuwa zilezile.

“Sasa inachoma nini?” Nusret akanong'ona.

Ferid alikuwa amegeukia ukutani. Alikuwa anasoma kalenda, midomo ikicheza, akiona jinsi saa zilivyokuwa zikisogea dakika moja kila baada ya siku mbili tatu, na yeye aliyekuwa mtu wa msikitini akazitambua kabla hajafika mwisho wa safu.

“Hizi ni saa za adhana,” alisema.

Na papo hapo, kutoka msikiti wa juu, sauti ambayo masikio ya Nusret hayakuwa yakiipata kupitia madirisha yaliyozibwa ikaanza kuita, na moto ukafa, na Hajrija akageuza shingo taratibu kama mtu anayeamshwa kutoka mbali, akawatazama wote wawili machozi yakimtoka, akasema kwa sauti nyembamba, “Nusret, nina njaa, nitoe hapa upesi kabla hajarudi.”

Wakamshika. Tik, tik, tik. Moto ukawaka, na mkono wa Hajrija mkononi mwa Nusret ukawa wa moto kama chuma kilichotoka tanuruni, ukang'ang'ania kiti kwa nguvu ambazo mgonjwa hana.

Baada ya swala Ferid akamleta imamu, Muamer Efendi, mtu mfupi mwenye mafua. Hakuuliza mengi. Alisema viumbe hawa, majini, wameumbwa kwa moto usio na moshi, akasimama mbele ya boila na kuadhini. Moto ukazimika, ukarudi. Akaadhini tena, na tena, bila kupumzika, huku harufu ya nywele ikijaa mpaka wakakabwa koo, na kila ukirudi moto ulikuwa mfupi zaidi, mpaka mara ya saba kikasikika ndani ya bati kitu kama mtu anayevuta pumzi ndefu, kikapanda na bomba kikatoka nje. Hajrija akaachia kiti.

“Amekwenda wapi?” Nusret aliuliza.

“Ametoka kwenu,” alisema Efendi, akifuta pua. “Hilo ndilo nililoliomba.”

Ferid akafungua koki. Boila ikawaka kwa gesi, na tangu hapo haikuzimika tena. Hajrija alikula mabakuli mawili usiku huo.

Wiki iliyofuata, asubuhi, Suada wa nyumba ya chini, aliyejifungua mwezi uliopita, alibisha mlango.

“Ami Nusret, wewe umeshazoea mambo haya, njoo utusaidie. Boila yetu inazimika-zimika tangu Ijumaa ile. Ila kuna nafuu moja, mtoto halii tena. Tukimlaza jikoni anautazama tu ule moto. Hata ziwa hataki.”

Nusret alimpita mlangoni, akakimbia juu kwenye theluji kuelekea msikitini, miguu mitupu.