Pontiac ya Kijani na Vyote Vilivyomo

Mkanda wa kiti cha abiria ulikuwa umefungwa.

Muqbil aliuona alfajiri aliporudi msikitini, jua likianza kugusa paa la banda la gari. Akainama dirishani, akatazama vizuri. Kiti ni kitupu, na mkanda umefungwa, tena umekazwa kama wa mtu mwenye kiuno chembamba. Jana hakumpakia mtu yeyote. Akaufungua, akajisemea, "Uzee huu," akaingia ndani kunywa chai. Siku ya pili akaukuta umefungwa tena. Siku ya tatu ulikuwa umefungwa na umelowa.

Gari lenyewe lilikuwa Pontiac ya mwaka sitini na tisa, milango miwili, rangi ya kijani, injini ya silinda nane inayonguruma mpaka vikombe vya jirani vinacheza kabatini. Ukishangaa kwa nini mzee wa miaka sitini na sita atoe dola elfu arobaini na mbili kwa gari lisilo hata kiyoyozi, jua kwamba alifika Michigan kutoka Ibb, Yemeni, akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, na kazi yake ya kwanza kiwandani ilikuwa kupigilia vibati vya namba kwa ribiti kwenye dashibodi za magari hayo hayo. Mia nne kila zamu. Yeye aliyapa majina, wengine wakaondoka nayo. Alilitamani moja kwa miaka arobaini na saba. Sisi wa barabara ya Dix tulimcheka mpaka tukachoka.

"Muqbil, ukifa tukuzike nalo?"

"Mkinizika nalo, hakikisheni tangi limejaa."

Sasa, gari la namna hii hulinunui peke yako. Lazima uwe na mtu wa kukutazamia, na mtu wetu alikuwa Hizam. Alisimama bega kwa bega na Muqbil kiwandani miaka thelathini. Muqbil alipovunjika mguu kwenye theluji, Hizam ndiye aliyembeba mgongoni mpaka hospitali, akitukana njia nzima. Alikuwa na sumaku ndogo aliyoifunga kwenye leso. Anaipitisha mwilini mwa gari, na pale inapokataa kushika anajua chuma kimeoza na mtu amezibaziba. Alikuwa na tochi, kioo cha kuchungulia uvunguni, na sheria moja: mnunuzi asilisogelee gari.

"Macho yako yanang'aa," alimwambia Muqbil siku walipokwenda kuliona, shambani kwa Mmarekani mmoja aitwaye Dale, kusini ya Monroe. "Akiyaona tu, anaongeza elfu tano. Kaa kule, mikono mfukoni, tazama ng'ombe."

Muqbil akatazama ng'ombe saa nzima. Hizam aliporudi alikuwa na vumbi magotini.

"Rangi ni wanja tu, usiijali. Bei iko kwenye namba. Namba ya injini na ya chesisi zinasemezana, chuma hakijazibwa. Likiuzwa thelathini, likimbie, rahisi huvunja upishi. Akitaka hamsini, mwizi. Arobaini na mbili ndiyo bei ya haki."

"Na kibati umekiona?"

"Ribiti zako mwenyewe, ndugu yangu. Huenda hata ulizipiga wewe."

Muqbil alilia palepale mbele ya ng'ombe. Nalitaja hili ili ujue alichofanyiwa.

Baada ya mkanda ikaja harufu. Taqiya, mkewe, ndiye aliyeisema kwanza, akimwita kwa jina la mwana wao. "Abu Ghamdan, gari lako linanuka ziwa." Akasafisha viti kwa sabuni na siki, akaweka udi. Harufu ikapotea siku moja kisha ikarudi, tope na majani yaliyooza. Mchana mmoja Taqiya alikuwa jikoni akipika mchuzi wa salta, ukuta mmoja tu kati yake na banda, akasikia maji yakidondoka upande wa pili. Tone, kimya, tone. Akaenda kutazama. Sakafu ilikuwa kavu, lakini vioo vya gari vilikuwa vimejaa ukungu kwa ndani, na kwenye ukungu wa dirisha la abiria kulikuwa na alama ya kiganja chenye vidole virefu mno.

"Yupo mtu mle," alimwambia mumewe kwa sauti ya chini, akiwa ameshika mlango wa jikoni kwa mikono miwili.

"Ni unyevu. Magari ya zamani yanavuta unyevu."

"Unyevu una vidole?"

Muqbil akaenda kulipangusa gari. Alikuwa amengoja miaka arobaini na saba, na Hizam alikuwa amelikagua. Ukiwa na Hizam unahitaji nini tena?

Agosti ikafika, siku ile magari yote ya zamani ya Michigan yanapopita barabara ya Woodward na watu wanapanga viti vyao pembeni tangu asubuhi. Muqbil akalipeleka lake. Taqiya alikataa kupanda, basi mzee akaenda peke yake, kanzu nyeupe, mkono dirishani, injini ikimwimbia. Watu wakapunga, naye akapunga. Foleni iliposimama karibu na taa, bibi mmoja Mzungu aliyeketi kwenye kiti cha kukunja, kopo la soda mkononi, alimpigia kelele.

"Wee mzee! Gari tamu hilo! Lakini mpe mwenzio taulo, mama wa watu ameloa chapachapa!"

Muqbil akacheka, akidhani ni utani wa huko. Bibi hakucheka. Alikuwa akikitazama kiti cha abiria, na uso wake ukaanza kubadilika polepole, kopo likainama mkononi na soda ikamwagikia viatu vyake bila yeye kujua, na mumewe akawa anamuuliza una nini, mpenzi, una nini. Muqbil hakugeuka. Alishika usukani, akatazama mbele, na njia nzima ya kurudi nyumbani, maili kumi na tano juani, madirisha yakiwa wazi na mwezi ukiwa Agosti, alihisi ubaridi upande wa kulia wa shingo yake, ubaridi unaokuja na kwenda, unakuja na kwenda, mpaka akaelewa kwamba ni pumzi, kwamba pumzi ile inafuata pumzi yake mwenyewe, akivuta inavuta, akizuia inazuia, na kwamba ikiwa atathubutu kugeuza hata jicho moja ataona kitu ambacho hataacha kukiona maisha yake yote.

Alipolifikisha bandani alikaa kwanza usukanini. Kisha, sijui nani alimtuma, akanyoosha mkono chini ya kioo cha mbele, akakigusa kibati cha namba. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, lakini vidole havikuwa na ugonjwa wowote. Ribiti za kiwandani zilikuwa na vichwa vya umbo la ua, petali sita. Alizipiga miaka minane, alizijua kama punje za tasbihi yake. Zile alizozigusa zilikuwa mviringo, laini, za kununuliwa dukani.

Kibati kiling'olewa kwenye gari jingine. Na Hizam, mwenye tochi na kioo, alikiona.

Akaenda kwake kwa miguu. Ukiingia kwa Hizam, jambo la kwanza unalolijua ni zulia lenye unyevu. Miaka tisa lilikuwa na unyevu, miaka tisa akisema bomba linavuja. Siku ile lilikuwa kavu. Hizam mwenyewe alikuwa amenenepa mashavu.

"Ribiti ni za duara," Muqbil alisema, hata salamu hakutoa.

Hizam akaketi chini taratibu. Hakukana. "Ndiyo."

"Uliniambia ni zangu."

"Nilikwambia."

"Dale alikupa ngapi?"

"Dale hakunipa kitu. Nilimlipa yeye alitunze, ajifanye ni lake. Gari lilikuwa langu mimi, Muqbil." Akaanza kulia. "Miaka tisa iliyopita niliona kwenye jalala la vyuma gari lililotolewa ziwani, limelala huko tangu zamani. Lilikuwa limeliwa lote, ila kibati chake ni kizima, na mwenye jalala alikuwa na hati safi za umiliki. Nikavinunua, nikakipigilia kibati kwenye gari hili ili lipande bei. Kila mtu anafanya."

"Kuna kitu kimekaa ndani yake."

"Najua."

"Unajua?" Muqbil akamsogelea. "Mke wangu anapika na kitu hicho ukutani, nawe unajua? Ulinibeba mgongoni, Hizam!"

Hizam akatoa bahasha kubwa nyuma ya mto. "Elfu ishirini na mbili. Mara hii nakupa hesabu ya kweli. Gari lenye kibati cha kupachika, lenye huyo uliyemhisi, halizidi elfu ishirini. Hizo zinabaki kwangu, hizi zako. Kesho mwite Shekhe Abdulwali alisomee, ni kazi ya saa moja, na gharama yake juu yangu. Lakini usiniache hivi. Sema bei ni ya haki, nisikie kwa kinywa chako. Nimezeeka, sina ndugu mwingine hapa."

Muqbil akaitazama bahasha. Alikuwa na hasira, lakini mbele yake alikuwa yule yule wa theluji. Akaichukua bahasha.

"Bei ni ya haki," alisema. "Nimelipokea, na vyote vilivyomo."

Wakashikana mikono. Hizam akambusu kichwani, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Shekhe Abdulwali alifika kesho yake baada ya alasiri, na kitabu chake na chupa ya maji ya kusomea. Akasimama mlangoni pa banda, akaanza kusoma kwa sauti ya wastani. Taqiya alikuwa nyuma ya mumewe, ameshika ukanda wake kama mtoto. Vioo vikaingia ukungu. Kisha redio ya gari, ambayo haina hata waya mmoja, ikaguna kama mtu anayesafisha koo lenye maji, na sauti ya kike ikatoka, sauti ya mbali, kila neno likiwa na povu.

"Shekhe, unanisumbua nini?"

"Nani wewe?"

"Nilikuwa na nyumba chini ya ziwa, nimeketi ndani yake, mikono pajani, samaki wakipita. Mkaivuta nyumba yangu kwa minyororo, mkakata jina la mlangoni, mkalipigilia hapa. Lilipo jina ndipo nilipo."

"Toka umuache mja wa Mungu."

"Nitoke niende wapi?" Sauti ilishangaa kweli. "Nimenunuliwa. Muulize."

Shekhe akageuka. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Muqbil. Hizam alikupa kitu?"

"Alinirudishia tofauti ya bei. Jana."

"Ulikijua kilichomo, kisha ukaipokea? Na ukasema umeridhika?"

"Nilisema... nilisema ni ya haki, na vyote vilivyomo. Shekhe, kwani nini?"

Shekhe akafunga kitabu chake. "Masika yaliyopita Hizam alinijia na swali la biashara. Mtu akiuza kitu chenye kasoro iliyofichwa, akitaka kisimrudie tena, afanye nini? Nikamjibu kama ilivyo: mnunuzi akiijua kasoro, akapewa punguzo la haki, akasema kwa ulimi wake kwamba amepokea, hapo mauzo yamekamilika, hakirudi. Wallahi nilidhani anauliza juu ya gari tu." Akakitia kitabu kwapani. "Mimi namtoa aliyeingia bila ruhusa, Muqbil. Huyu umempokea."

Ndani ya gari, kiti cha abiria, mkanda ukalia: taki.

Taqiya alihamia kwa binti yao wiki ile. Muqbil aling'oa kibati akakitupa mtoni; asubuhi kilikuwa dashibodini, na zulia la sebuleni likaanza kulowa. Bahasha ipo kabatini, hajaifungua.

Ijumaa moja baada ya sala tulikuwa mgahawani, Muqbil nasi, amekonda. Kando yake kulikuwa na kiti kitupu, na ingawa mgahawa ulijaa, hapana mtu aliyekivuta. Chini yake palikuwa na maji kidogo. Hizam akaingia akicheka, kanzu mpya, akasalimia kila mmoja kwa jina. Alipofika pale alisimama. Akakitazama kile kiti kitupu, akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kwa adabu kama unavyomsalimia mtu mliyeishi naye nyumba moja.

Kisha akamwinamia Muqbil sikioni. Alinong'ona, lakini mgahawa mzima ulikuwa umenyamaza.

"Usilichome wala usilivunje, nilijaribu yote. Tafuta anayekuamini."

Akachukua glasi yake ya chai, akaenda kuketi meza ya mbali, mgongo kwetu. Muqbil akainua macho, akatutazama mmoja mmoja, taratibu, mpaka akatumaliza. Sote tuliinamia vikombe vyetu.